Neno "Amfibia" na Maisha Mawili ya Chura

Mvua ya masika inyeshapo Kitengela na Kajiado, madimbwi hujaa, na usiku vyura huanza kuimba mahali palipokuwa pakavu. Mwanafunzi akiulizwa chura ni mnyama wa namna gani, hujibu upesi: "Ni amfibia, yaani mnyama wa nchi kavu na majini." Jibu hili ni jepesi kukumbuka, lakini yafaa tulipime.

Ikiwa makazi ndiyo kipimo, mbona kiboko si amfibia? Mchana hushinda majini, na usiku hutoka kula majani. Mamba naye huota jua ukingoni na kuwinda mtoni, lakini huhesabiwa katika reptilia. Wala kosa hili si la wanafunzi peke yao. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, katika orodha yake ya wanyama ya mwaka 1758, aliwaweka chura, nyoka, kobe na mamba katika kundi moja, akaliita Amphibia. Waliomfuata ndio waliowatenganisha.

Turudi basi kwenye asili ya neno. Limetoka katika Kiyunani: amphi ni "pande mbili", na bios ni "maisha". Sehemu hizo hazitaji nchi kavu wala maji, zataja maisha. Hapo ndipo tafsiri yetu ilipopungukiwa. Vyura walio wengi huanza maisha wakiwa viluwiluwi, wenye mkia na matamvua kama samaki. Baadaye miguu humea, mkia hutoweka, na mnyama hupumua kwa mapafu na kwa ngozi. Basi ni heri tuseme "mnyama wa maisha mawili", la kwanza likitangulia la pili.

Je, huku ni kushindana kwa maneno tu? Sivyo. Mji wa Kitengela umepanuka, na penye dimbwi leo huenda kesho pakawa na nyumba. Anayedhani kwamba chura ana makazi mawili atasema, "Tukifukia maji, atahamia nchi kavu." Anayejua kwamba ana maisha mawili ataona kuwa kiluwiluwi hana pa kuhamia, na bila kiluwiluwi hapana chura.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wala hazimzuii mwenye kiwanja kulifukia dimbwi. Kwa hiyo yatupasa sisi tulielewe vema jina lake.