Tukio Lililokatwa: Uhakiki wa Utayarishaji wa Filamu ya In the Mood for Love na Suala la Ushahidi wa Nyuma ya Pazia

1.0 Usuli wa Suala

Katika semina moja ya uzamili ambamo niliwasilisha rasimu ya kwanza ya uhakiki huu, niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Nilikuwa nimedai kwamba katika filamu ya In the Mood for Love, iliyoongozwa na Wong Kar-wai na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi Mei, 2000, wahusika wakuu wawili wanapendana bila kuwahi kulala pamoja. Msomi mmoja aliyekuwapo alinikumbusha kuwa tukio la wawili hao kulala pamoja lilipigwa picha, kisha likaondolewa wakati wa uhariri. Akauliza: "Ikiwa lilipigwa picha, unasema halikutokea kwa misingi ipi?"

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Katika idara zetu za Kiswahili, tasnifu zinazohakiki filamu zimekuwa zikiongezeka, nyingi zikishughulikia filamu za Tanzania na Kenya. Takribani kila mtafiti hukusanya mahojiano na waongozaji, simulizi za waigizaji na picha za upigaji filamu, kisha huyatumia yote hayo kana kwamba ni sehemu ya matini. Kwa mhakiki wa riwaya, rasimu iliyofutwa na mwandishi huhesabiwa kuwa rasimu tu. Kwa mhakiki wa filamu, kipande kilichokatwa hugeuka siri iliyofichuliwa. Makala haya yanachunguza tofauti hiyo kwa kuitumia filamu moja ambayo historia ya utayarishaji wake inajulikana kwa kiasi cha kutosha. Ni filamu ambayo wahakiki walioshiriki kura ya jarida la Sight and Sound mwaka 2022 waliiweka katika nafasi ya 5 miongoni mwa filamu bora za wakati wote.

2.0 Filamu Isiyokuwa na Muswada

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mwaka 1962 jijini Hong Kong, miongoni mwa jamii ya watu waliohama kutoka Shanghai, mwandishi wa habari Chow Mo-wan na katibu muhtasi Su Lizhen wanapanga vyumba katika nyumba zinazopakana, kila mmoja pamoja na mwenzi wake. Kwa ushahidi wa tai na mkoba, wanang'amua kuwa mume wa Su na mke wa Chow ni wapenzi. Sura za wasaliti hao hatuzioni hata mara moja. Tunasikia sauti zao na kuwaona kwa mgongo. Walioachwa wanaanza kukutana, wanapendana, na wanaapa kutofanana na wale waliowaumiza.

Mpango wa awali haukuwa huu. Wong alikusudia kwanza kupiga filamu jijini Beijing, lakini mamlaka za China zilitaka kuuona muswada kamili, na yeye hakuwa na desturi ya kuwa nao. Baadaye wazo likawa la hadithi tatu zinazohusu chakula. Moja kati ya hizo, ya majirani wawili na siri yao, ilipanuka ikazimeza nyingine mbili. Athari ya riwaya fupi ya Liu Yichang, mwandishi wa Hong Kong, iliingia humo pia, na maandishi yanayotokea kwenye kioo yametokana na kazi hiyo. Upigaji picha uliotarajiwa kuwa wa muda mfupi ukaendelea kwa takribani miezi 15. Msukosuko wa uchumi ulioikumba Asia tangu mwaka 1997 uliyumbisha ufadhili, na kazi ililazimika kusimama na kuanza tena. Christopher Doyle, mpigapicha aliyezoeana na Wong kwa miaka mingi, aliondoka kabla kazi haijakamilika, na nafasi yake ikashikwa na Mark Lee Ping-bin kutoka Taiwan. Wakati huohuo Wong alikuwa ameshaanza kuitengeneza filamu nyingine, 2046, iliyokuja kutoka mwaka 2004. Nambari hiyo ndiyo inayoonekana katika mlango wa chumba cha hoteli ambamo Chow na Su huandika pamoja hadithi za mashujaa wa mapanga.

Mtindo huu wa utunzi, kwa mtafiti aliyelelewa katika fasihi simulizi, si wa kushangaza. Fanani naye hana muswada. Ana kiini cha hadithi, ana fomula, ana takriri, na mengine huyapata palepale mbele ya hadhira. Wong vilevile alikuwa na vitu vichache tu: ujia mwembamba, ngazi ya kuteremkia kwa muuza tambi, mvua, chombo cha kubebea chakula. Vitu hivyo huvirudia kwa muziki uleule wa Shigeru Umebayashi, ambao kwa asili ulitungwa kwa ajili ya filamu nyingine, Yumeji ya mwaka 1991. Hata hivyo ulinganisho huo una kasoro moja ambayo ndiyo yenye faida kwetu. Fanani husahihishwa na hadhira iliyopo: ikisinzia, hubadili, ikicheka mahali pasipostahili, hurudi nyuma. Waigizaji wa Wong hawakuwa na hadhira ya namna hiyo. Walitenda mbele ya kamera kwa zaidi ya mwaka bila kujua ni utendaji upi ungebaki. Hadhira yao ya kwanza ilikuwa chumba cha uhariri, na aliyekaa humo ni William Chang, ambaye ndiye pia aliyebuni mandhari na maleba. Kwa maoni yangu, wahakiki wengi wamemsahau mno mtu huyu. Aliyekata vitambaa vya magauni ndiye aliyekata filamu.

3.0 Maleba kama Kalenda

Su Lizhen, anayeigizwa na Maggie Cheung, huvaa cheongsam zaidi ya 20, magauni ya kubana yenye kola ndefu inayoushika shingo. Inajulikana kuwa maandalizi ya mavazi, nywele na vipodozi yalimchukua mwigizaji huyo saa kadhaa kila siku ya kazi. Msomaji wa Kiswahili atashawishika kuileta kanga katika mjadala huu, nami nilishawishika. Lakini kanga husema kwa maandishi, na aliyeivaa huweza kudai kuwa hakumlenga mtu. Cheongsam ya Su haina neno hata moja, na haimpi nafasi ya kujitetea. Inambana kiasi kwamba hata kuinama kuchukua chombo cha tambi ni tendo la kujidhibiti.

Kazi kubwa ya magauni hayo ni ya kiusimulizi. Kwa kuwa ujia ni uleule, ngazi ni ileile na muziki ni uleule, mtazamaji hana namna nyingine ya kujua kuwa siku zimepita isipokuwa kwa kubadilika kwa gauni. Hapa ndipo historia ya utayarishaji inapomsaidia mhakiki kihalali. Matini yenyewe inaonyesha ubadilikaji. Maelezo ya nyuma ya pazia yanaonyesha kwa nini njia hiyo ilihitajika. Filamu iliyopigwa kwa vipande, kwa miezi mingi, na kwa kiasi kikubwa mjini Bangkok kwa sababu Hong Kong ya miaka ya 1960 ilikuwa imeshabomolewa, isingeweza kushikamana kwa mfuatano wa kawaida wa matukio. Ilishikamanishwa kwa urudufu. Upungufu wa nafasi ukawa mtindo: kamera inachungulia kutoka nyuma ya mlango, kupitia kioo, au kando ya pazia, kama jirani asiyetaka kuonekana.

4.0 Mazoezi ndani ya Mazoezi

Kiini cha uhakiki huu ni matukio ya mazoezi. Mara kadhaa Chow na Su wanaigiza. Wanaigiza jinsi wenzi wao walivyoanza uhusiano: nani alimgusa nani kwanza, nani alitamka nini. Katika tukio moja Su anamuuliza mwanamume iwapo ana hawara. Tunadhani yumo mbele ya mumewe hadi kamera inapogeuka na kutuonyesha Chow. Anampiga kofi dhaifu, wanarudia, na safari hii anabubujikwa na machozi. Baadaye wanafanya mazoezi ya kuagana. Chow anauachia mkono wake na kuondoka, na Su analia kilio ambacho si cha mazoezi tena.

Nadai kuwa hapa filamu inaeleza jinsi ilivyotengenezwa bila kukusudia kujieleza. Wahusika wawili wasiojua mwisho wa kisa chao wanajaribu tendo, wanalirudia, wanalibadili. Waigizaji wawili wasiopewa mwisho wa kisa walifanya vivyo hivyo. Tony Leung Chiu-wai, ambaye kwa nafasi ya Chow alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes, anaigiza mtu ambaye hajui kama anaigiza. Nguvu ya mahaba katika filamu hii inatokana na shaka hiyo zaidi kuliko inavyotokana na kujizuia peke yake, ingawa kujizuia ndiko kunakotajwa na karibu kila mhakiki.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaolisifu hali hii bila kuuliza gharama yake. Mwongozaji asiyetoa muswada hubaki na mamlaka ambayo mwigizaji hana. Mfano mchungu unajulikana: katika Last Tango in Paris ya mwaka 1972, Maria Schneider, aliyekuwa na umri wa miaka 19, hakuambiwa kikamilifu yatakayofanyika katika tukio la udhalilishaji. Bernardo Bertolucci alikiri baadaye kuwa alimficha kwa makusudi ili apate hisia za msichana badala ya uigizaji. Schneider naye alieleza hadharani jinsi alivyojihisi amedhalilishwa. Sitaki kuziweka filamu hizi mbili katika kapu moja. Bertolucci alijua na akaficha. Wong, kwa ushahidi wote uliopo, hakujua bado. Cheung na Leung walikuwa waigizaji wazoefu waliokwisha kufanya kazi naye, na miongoni mwa yaliyowachosha ni kusubiri. Lakini mtafiti anayeandika kuwa hisia fulani ni "halisi" kwa sababu mwigizaji hakuandaliwa anapaswa kujiuliza anasifu nini hasa. Nimelikuta neno hilo katika kazi kadhaa, zikiwamo zangu za awali, na sasa nalikwepa.

5.0 Mtoto wa Mwaka 1966

Nirejee kwenye swali la semina. Karibu na mwisho wa filamu, mwaka 1966, Su anarudi katika nyumba ya zamani na kupangishwa na Bi. Suen, mwenye nyumba anayejiandaa kwenda Marekani. Baadaye Chow naye anafika kuwatafuta majirani wake wa zamani. Anaambiwa kuwa upande wa pili anaishi mwanamke na mtoto wake wa kiume. Anasimama mbele ya mlango, anatabasamu kidogo, anaondoka bila kubisha. Mtoto huyo ni wa nani?

Wanaolitumia tukio lililokatwa wanajibu bila kusita: ni wa Chow, kwa kuwa walilala pamoja katika chumba nambari 2046. Hoja hiyo ina udhaifu wa mantiki. Tukio lililopigwa picha si tukio lililotokea. Ni jambo ambalo mtunzi alilijaribu. Kama tulivyoona, katika utayarishaji wa aina hii mambo mengi yalijaribiwa, mengine yakipingana. Tukikikubali kipande kimoja kuwa ukweli uliofichwa, hatuna kigezo cha kukataa vingine, na filamu ya dakika 98 itageuka ghala la filamu zisizoafikiana. Ikumbukwe pia kuwa kuliondoa tukio hilo kulikuwa uamuzi wa kiutunzi uliofanywa wakati onyesho la Cannes likikaribia. Kuurejesha mlangoni mwa uhakiki ushahidi ambao watunzi waliutoa nje ni kumpinga mtunzi kwa kisingizio cha kumheshimu.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Leung na Cheung walilitenda tukio lile. Inawezekana kwamba namna wanavyopishana kwenye ngazi, kwa uzito usiolingana na yaliyotokea hadi hapo, imebeba kumbukumbu ya miili ya waigizaji ambayo wahusika hawanayo. Hili siwezi kulithibitisha. Mpangilio wa siku za upigaji picha haukufuata mpangilio wa kisa, na picha yenyewe haituambii ipi ilitangulia. Nimelitaja kwa sababu ndilo matumizi pekee ya kipande kilichokatwa ninayoyaona yana tija: kukitumia kuuliza juu ya utendaji, si kukitumia kutoa hukumu juu ya kisa.

Kwa hiyo jibu ambalo ningelitoa siku ile ni kwamba katika matini tuliyopewa halikutokea, na kwamba watunzi walitumia juhudi na muda ili lisitokee. Ushahidi wa nyuma ya pazia unathibitisha juhudi hiyo. Kuhusu mtoto, filamu inampa Chow habari ileile inayotupa sisi, yaani sentensi moja kutoka kwa mpangaji mpya. Tukio linalofuata linatupeleka Kambodia, kwanza kwa picha za habari za ziara ya Charles de Gaulle mwaka 1966, kisha Angkor Wat, ambako Chow ananong'ona kwenye tundu la ukuta na kuliziba kwa udongo. Aliyonong'ona hayasikiki, na hata katika matukio yaliyotolewa baadaye kwenye DVD siyaoni mahali yalipotamkwa.