Macho ya Kuazima: Mkato wa Usimulizi katika Riwaya za William Gibson

Mapema katika Neuromancer, riwaya ya kwanza ya William Gibson iliyotoka mwaka 1984, mdukuzi aitwaye Case ameketi mbele ya mtambo wake huku mwenzake, Molly, akivamia makao ya kampuni kubwa ya habari. Molly amevaa kifaa kinachorusha kila anachokiona, anachokisikia na anachokihisi. Case ana swichi. Akiibonyeza anaingia ndani ya hisia za Molly. Akiibonyeza tena anarudi mtandaoni, anakovunja kuta za data. Kisha, katikati ya purukushani, anabonyeza na kutua moja kwa moja ndani ya maumivu ya mfupa uliovunjika. Ulivunjikaje? Hatukuwapo. Tulikuwa upande wa pili wa swichi pamoja na Case, na Gibson haturudishi nyuma kutuonyesha.

Wahakiki wengi huisifu Neuromancer kwa utabiri wake: mtandao unaozunguka dunia, makampuni yenye nguvu kuliko serikali, akili za kompyuta zinazotaka uhuru. Mimi naona sifa hiyo inampunguza mwandishi. Watabiri huchakaa pale utabiri wao unapotimia. Kinachoifanya riwaya hii isomeke bado ni fani yake, hasa namna inavyokata kutoka jicho moja kwenda jingine.

Tazama tatizo alilokuwa nalo. Amechagua nafsi ya tatu yenye mipaka: hatuoni ila anachokiona Case. Lakini ameandika kisa cha uvamizi, na uvamizi una sehemu mbili, yule anayeingia mlangoni na yule anayezima kengele akiwa mbali. Mwandishi mwingine angefungua sura mpya na kuhamia kwa Molly, au angemwita msimulizi maizi anayejua yote. Gibson hakuivunja sheria aliyojiwekea. Ameuingiza mkato ndani ya dunia ya hadithi, akamkabidhi mhusika. Kuanzia hapo, kila tunapohama mandhari ni kwa sababu Case ameamua kuhama, na kila uamuzi wake unamgharimu: akiwa huku, la kule linampita.

Kuna gharama nyingine, nayo ndiyo hunigusa zaidi. Kifaa hicho ni cha upande mmoja. Case anahisi hata ulimi wa Molly unavyoumba maneno, lakini hawezi kumjibu. Gibson anaitumia kasoro hiyo kwa ustadi mkubwa ndani ya Straylight, kasri la ukoo wa Tessier-Ashpool. Molly anapita kwenye korido akichechemea, na njiani anaanza kumsimulia Case habari za Johnny, mwanamume aliyempenda na ambaye aliuawa. Katika riwaya ya kawaida, mhusika kusimulia mambo yake ya zamani katikati ya hatari kungekuwa udhaifu wa msuko. Hapa kuna sababu. Ni usemi wa mtu anayejua kwamba huenda anasikilizwa, huenda hasikilizwi, na kwamba hata akisikilizwa hatapata neno la kurudi. Upweke wa wahusika wa Gibson hautangazwi kwa vivumishi. Umo katika waya unaopitisha sauti upande mmoja tu.

Kilele kinakuja karibu na mwisho. Case mwenyewe amefika Straylight. Anabonyeza swichi mara nyingine, na kupitia jicho moja la Molly lililobaki zima anaona mtu aliyesawijika, mashavu yamebonyea, ndevu za siku moja, jasho tele. Inachukua nukta kabla ya kuelewa kwamba anajitazama yeye. Riwaya nzima tumemkaa Case kichwani bila kumwona sura. Sasa tunamwona, na tunamwona kama mwanamke huyu amwonavyo siku zote. Gibson hakuongeza hata sentensi moja ya kuufafanua wakati huo. Nauhesabu kuwa ndio ukurasa bora zaidi katika kitabu.

Swali la haki haliepukiki. Mwanamume ameketi salama, mwanamke anavunjika mguu, na mwanamume anaonja maumivu hayo kisha anaondoka kwa kidole. Je, mwandishi anaufurahia mpango huu? Kwa sehemu, ndiyo. Kuna aya zinazoukodolea macho mwili wa Molly kupita mahitaji ya kisa. Lakini fani yenyewe inamshtaki Case, kwa kuwa kila anapobonyeza swichi tunakumbushwa kwamba yeye ana pa kukimbilia na Molly hana.

Gibson alizaliwa mwaka 1948 huko Conway, South Carolina. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, mama yake akafariki Gibson alipokuwa na miaka 18, kisha Gibson akahamia Kanada wakati wa vita vya Vietnam na hatimaye kukaa Vancouver. Neuromancer aliiandika kwa taipureta ya mkono, akizijua kompyuta kijuujuu tu. Upungufu huo ulimfaa, kwa maana alilazimika kuandika hisia za kuwa mtandaoni badala ya mitambo yake.

Katika Count Zero ya 1986 mkato unahamia kwenye sura: wahusika watatu wanapokezana, kila mmoja na njia yake. Hapa fani inalegea, kwani mwishoni mwandishi anazifunga nyuzi hizo tatu haraka mno. Hata hivyo kitabu hicho kina mashine iliyo angani, inayookota takataka za ukoo uliosambaratika na kuzipanga ndani ya visanduku vya sanaa vyenye kuliza. Gibson hajapata kuieleza kazi yake vizuri kuliko hapo.

Nje ya riwaya, mkato huo ulizaa jambo la ajabu mwaka 1992. Akishirikiana na mchoraji Dennis Ashbaugh na mchapishaji Kevin Begos, alitoa Agrippa, shairi kuhusu albamu ya picha ya baba yake, lililowekwa kwenye diski. Maneno yalipita kwenye skrini mara moja, kisha programu ikajifunga kwa msimbo, yasisomeke tena. Nakala yake ilivuja mtandaoni mapema, na wengi hulichukua tukio hilo kama kisa cha teknolojia. Ni maombolezo. Mtoto aliyempoteza baba anatengeneza kitu ambacho msomaji naye atakipoteza.

Filamu ya Johnny Mnemonic ya 1995, aliyoiandikia mswada mwenyewe, haikufua dafu, na sababu ni ya kifani. Kwenye sinema kukata picha ni jambo la kawaida. Mtazamaji halipii chochote. Kamera inamwona Johnny kutoka nje, na nje ya Johnny hakuna mengi.

Pattern Recognition ya 2003 inaiacha kesho na kutua mwaka uliotangulia kuchapishwa kwake, kwa kitenzi cha wakati uliopo. Cayce Pollard, ambaye baba yake alitoweka New York tarehe 11 Septemba 2001, anatafuta mtengenezaji wa vipande vya filamu visivyo na mwanzo wala mwisho. Anamkuta Moscow: mwanamke mwenye kipande cha bomu kichwani. Vipande vya filamu vimetoka katika kipande cha chuma. Hapo mkato si mbinu tena, ni jeraha.

Ndipo The Peripheral ya 2014 inapokamilisha hesabu iliyoanza miaka 30 kabla. Sura ni fupi mno na zinapokezana kati ya Flynne, msichana maskini wa kijijini Marekani, na Wilf Netherton, mtu wa London katika karne ijayo. Flynne anadhani anajaribu mchezo wa kompyuta. Kumbe ameshuhudia mauaji ya kweli. Baadaye anaazimwa mwili kule London, na safari hii waya unapitisha pande zote mbili: anatembea, anasema, anajibu. Aliyekuwa mgeni bubu amepewa mdomo. Hata lugha ya sura zake, kavu na ya kijijini, inashindana na ile ya Netherton na kuishinda.

Matajiri wa London hiyo wanachezea nyakati zilizopita kwa sababu maafa ya huko hayawafikii, na mhusika mmoja anasema waziwazi kwamba huo ni ubeberu. Neno hilo lisingekuwa na uzito kama sura hazingekuwa zimetuzoesha kukaa pande zote mbili za waya. Agency, mwendelezo wake wa 2020, ina muundo uleule lakini mhusika wake mkuu anabebwa tu kutoka mahali hadi mahali, na mkato haumgharimu mtu. Anayetaka kumjua Gibson asome Neuromancer na The Peripheral kwa kufuatana, Agency inaweza kusubiri.