Mipaka ya Utanzu wa Taarab katika Mikusanyo ya CD: Mtazamo kutoka Kwale

1. Utangulizi

Mkusanyaji wa muziki ana kazi mbili: kutafuta na kupanga. Kazi ya kwanza humpatia sifa, lakini ni ya pili inayomhusu mhakiki wa fasihi, kwa kuwa hakuna awezaye kupanga bila kwanza kuamua ni kipi kinafanana na kipi. Huko Uingereza na Marekani wakusanyaji wa CD adimu za roki wamebishana kwa miaka mingi juu ya mpaka kati ya roki ya glamu na roki nzito. Kundi la Sweet, lililovuma katika miaka ya 1970, baadhi yao huliweka pamoja na T. Rex, na wengine huliweka pamoja na Deep Purple. Queen, kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, nalo limevutwa huku na huku. Ubishi huu haumaliziki kwa sababu pande mbili hazipimi kitu kimoja. Glamu hutambulishwa zaidi na mavazi, vipodozi na mikogo ya jukwaani, ilhali roki nzito hutambulishwa na mlio wa magitaa na kishindo cha ngoma. Kundi moja laweza kuwa na sifa zote hizo kwa wakati mmoja.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tatizo hilo hilo limo katika CD za nyimbo za Waswahili, na kwamba kwetu sisi lina uzito zaidi, maana nyimbo hizo ni ushairi tunaoufundisha. Hoja yetu ni kwamba jina la utanzu linalochapishwa juu ya jalada huhifadhi hadhara moja tu ya wimbo na kuzifuta nyingine, na kwamba eneo linalodhulumiwa zaidi na ufutaji huo ni pwani ya kusini ya Kenya, yaani Kwale.

2. Rafu moja, mitindo minne

Zipo CD ambazo mkusanyaji wa taarab ya Mombasa huzitafuta kwa udi na uvumba. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party na Mombasa Wedding Special ya Maulidi Musical Party mwaka 1990, kisha Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh mwaka 1992. Baadaye kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wa Zanzibara ulioandaliwa na Werner Graebner, ilitoa juzuu ya pili kuhusu taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975, na juzuu ya kumi kuhusu taarab ya Mombasa na Tanga ya miaka ya 1970 hadi 1990. Kabla ya hapo nyimbo za aina hii zilikuwa katika sahani za santuri na kaseti zilizosambazwa na maduka ya Mombasa kama vile Assanand & Sons na Mbwana Radio Service. Waliozikusanya na kuzirudisha masikioni mwa watu wanastahili shukrani, na hoja zinazofuata hazikusudii kuwapunguzia haki hiyo.

Hata hivyo, tukiziweka pamoja sauti zilizomo katika rafu hii ya taarab ya Mombasa, twaona jinsi neno moja linavyobebeshwa mizigo tofauti. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, anaimba kwa udi na kuuegemeza wimbo juu ya tungo za kale. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kuyatia mashairi ya Kiswahili katika sauti za nyimbo za filamu za Kihindi. Maulidi Juma anatumbuiza arusi kwa kinanda, na hadhira yake haiko mbali na kucheza. Zuhura Swaleh anauchukua mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake ya arusini, na kuuingiza ndani ya taarab. Tukisema utanzu huu unatambulishwa na ala, Zein na Maulidi watatengana. Tukisema unatambulishwa na asili ya sauti, Juma Bhalo atabaki peke yake. Na tukisema taarab ni muziki wa kukaa na kusikiliza, basi Zuhura atatoka nje kabisa.

3. Chakacha na hadhara zake tatu

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 katika jarida la Mulika, alipendekeza kwamba tanzu za fasihi simulizi ziainishwe kwa kuzingatia umbile na tabia ya kazi yenyewe, pamoja na muktadha na namna ya uwasilishaji wake. Kigezo hicho cha pili ndicho ambacho CD haiwezi kukibeba. Tuchukue chakacha. Katika arusi ya Msambweni au Gazi, chakacha ni ngoma ya wanawake, inayochezwa kwa kiuno, na maneno yake ya kufumba humlenga mtu aliyepo au jirani asiyehudhuria. Mdundo uo huo ukipigwa na kundi lenye kinanda mbele ya wageni waalikwa, huitwa taarab. Na ukipigwa na bendi kando ya bwawa la kuogelea katika hoteli ya Diani, kwa watalii wasioyaelewa maneno, huwa ni burudani ya hoteli, na CD yake huwekwa pamoja na Jambo Bwana, wimbo uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, chini ya jina la jumla la muziki wa Afrika.

Mdundo ni mmoja, na pengine hata ubeti ni mmoja. Kilichobadilika ni nani anaambiwa, na ana uwezo gani wa kujibu. Arusini fumbo hupata jibu usiku huo huo. Hotelini halina wa kulijibu. Kwa hiyo mhakiki anayesoma jalada badala ya hadhara atatoa fasiri tatu za wimbo mmoja akidhani anashughulikia tanzu tatu.

4. Kiunganishi kati ya Mombasa na Tanga

Turejee kwenye juzuu ya kumi ya Zanzibara. Kichwa chake kinataja miji miwili, Mombasa na Tanga. Atokaye Mombasa kwenda Tanga kwa barabara huvuka Likoni, akapita Ukunda na Msambweni, kisha akafika Lunga Lunga kabla ya kuingia Tanzania upande wa Horohoro. Kwa maneno mengine, Kwale yote imo ndani ya kiunganishi "na". Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 kuanzia mlango wa mto Umba. Mpaka wa dola uliwagawa watu wamoja. Mpaka wa utanzu umewagawa tena, safari hii kati ya taarab, ambayo ni ya miji, na ngoma, ambayo ni ya vijiji.

Sengenya ya Wadigo, yenye ngoma kadhaa, nzumari na upatsu, huorodheshwa chini ya ngoma za jadi, na wanaoisoma ni watu wa muziki na wanathropolojia. Taarab husomwa na watu wa fasihi. Ni sababu gani ya kifasihi inayohalalisha mgawanyo huo? Nyimbo za pande zote mbili zina mafumbo, zina majibizano, na zina watunzi. Atakayejibu kuwa lugha ndiyo sababu, kwamba taarab ni ya Kiswahili na nyimbo hizi ni za Kidigo, na aikumbuke historia. Katika kasri la Sultani wa Unguja taarab iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, alidhihirisha kuwa Kiswahili chaweza kukalia kiti hicho hicho. Kama mpaka wa lugha uliruka mara moja bila ya utanzu kufa, haiwezekani leo ugeuzwe kuwa ukuta.

5. Suala la mtunzi

Ufutaji mwingine unamhusu mtunzi. Mkusanyo hupangwa kwa jina la mwimbaji au la kundi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971), alimtungia mashairi Juma Bhalo, aliye jamaa yake. Shairi lake likiwa kitabuni tunahesabu mizani na kuchunguza vina. Likiwa ndani ya CD tunalijadili kwa jina la mwimbaji na kwa asili ya sauti yake. Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) alikwisha kutukumbusha kuwa tungo za Waswahili zina uhusiano wa asili na uimbaji. Kuzitenga rafu mbili, ya vitabu na ya muziki, ni kuugawa ushairi kwa mujibu wa chombo kilichoubeba. Na ikiwa malenga mwenye kitabu hupotea namna hii, mwanamke wa Vanga au Ukunda anayetunga beti za chakacha bila kuziandika ana tumaini dogo zaidi.

6. Hitimisho

Hatupendekezi kuwa majina ya tanzu yatupwe. Bila neno taarab juu ya jalada, huenda CD hizi zisingepata mnunuzi, na sahani nyingi zingeozea maghalani. Tunachopendekeza ni kwamba idara zetu, zinapokusanya CD na kaseti kwa ajili ya mafunzo, ziandike mambo manne kando ya jina hilo: umbo la ubeti, jina la mtunzi pale linapojulikana, hadhara ambayo wimbo uliimbwa, na jina ambalo wenyewe wa hadhara hiyo huuita. La nne ndilo muhimu zaidi, na ndilo rahisi kupuuzwa.

Wanafunzi wetu wa uzamili wanaotoka pwani ya kusini wana nafasi ya pekee katika kazi hii, kwa sababu wanaweza kuhudhuria arusi na kuuliza wimbo unaitwaje kabla haujapewa jina na duka. Wabishanao juu ya Sweet na Deep Purple wanabishania mali iliyokwisha kuhifadhiwa. Wakikosea, sahani ibaki palepale. Nyimbo nyingi za Kwale bado zimo vinywani mwa waimbaji wake. Tukikosea kuziita, huenda hatutakuwa na kitu cha kurudia kukisikiliza ili tujisahihishe.