Dirisha la Wazee na Mzee Asiyefika Dirishani

Uamuzi wa kulifanya dirisha la wazee kuwa alama kuu ya huduma za afya kwa wazee nchini Tanzania ulikuwa kosa, na kosa hilo halionekani kwa anayehesabu madirisha, kwa kuwa linawaumiza watu wasiokuwapo kwenye foleni. Dirisha hilo, yaani sehemu iliyotengwa ili mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea ahudumiwe kabla ya wengine, limesimama juu ya dhana kwamba mzee anaweza kuinuka kitandani, kupanda bajaji na kufika hospitalini. Aliyepooza kwa kiharusi, aliyevunjika nyonga na aliyepotewa na kumbukumbu hawana uwezo huo, ilhali ndio wenye uhitaji mkubwa kuliko wote. Kwa niaba yao hufika kadi mkononi mwa mjukuu, ambaye hupewa dawa za shinikizo la damu la mgonjwa ambaye hakuna aliyempima, na daftari huandika kwamba mzee amehudumiwa.

Madhara ya uamuzi huo hudhihirika zaidi katika vidonda vya kulalia, ambavyo hutokea ngozi inapobanwa kwa muda mrefu kati ya mfupa na godoro hata damu ikashindwa kupita. Huanzia visiginoni, nyongani na mwishoni mwa uti wa mgongo, na dalili ya kwanza ni wekundu usiotoweka ngozi inapobonyezwa, ingawa kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, hivyo muuguzi hulazimika kupapasa na kulinganisha joto na ugumu wa sehemu hiyo na ngozi iliyo jirani. Katika hatua hiyo inatosha kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa 2, kuviinua visigino visiguse godoro, kumweka mkavu na kumlisha vizuri. Kidonda kikishafika mfupani, mgonjwa huingia katika hatari ya maambukizi yanayoweza kumuua. Vivyo hivyo, ndugu wa mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, yaani mrija unaopitishwa hadi kwenye kibofu, wanapaswa kuonyeshwa palepale kitandani namna ya kuuning'iniza mfuko chini ya usawa wa kibofu, ili mkojo usirudi ndani pamoja na vijidudu. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoweza kufanyika dirishani.

Msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasio na uwezo ni jambo jema na unastahili kulindwa, lakini haumfikishi muuguzi kitandani.

Malalamiko ya miaka mingi kwamba sekta ya afya hulithamini jengo kuliko muuguzi anayetembea yamepata hapa ushahidi mwingine, kwa sababu nchi ilikwisha kufanya vizuri zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliyapeleka mafunzo ya afya vijijini kwa redio na vikundi vya kusikiliza. Katika miaka migumu ya UKIMWI, shirika la PASADA la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 1992, na Hospitali ya Selian ya Arusha kwa tiba shufaa, ambayo ni huduma ya kupunguza maumivu ya ugonjwa usiopona, ziliwafuata wagonjwa majumbani na kuwafundisha ndugu kuuguza. Ujuzi huo ulikuwapo, na ulipaswa kuhamishiwa kwa wazee.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 unafungua njia, lakini mhudumu hachukui nafasi ya muuguzi. Kila zahanati inahitaji orodha ya wagonjwa wa kitandani katika eneo lake, siku za ziara zilizoandikwa kwenye ratiba ya kazi, nauli, na mkoba wenye kipima shinikizo na vifaa vya kusafishia vidonda. Halmashauri nayo ipimwe kwa idadi ya wazee wasioweza kutembea waliotembelewa na muuguzi mwezi uliopita, na isiyokuwa na idadi hiyo ihesabiwe kuwa bado haijaanza kuwahudumia.