Wasomaji wa Joto la Bahari

Chora mstari kutoka Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, ukielekea mashariki bila kupinda. Ukishapita kilomita 1,100 na zaidi, unatokea baharini, kusini kidogo ya Kilwa. Lindi, iliyopigwa na kimbunga Aprili 1952, iko chini ya mstari huo. Mafia, kilikotua kimbunga Hidaya Mei 2024, iko juu yake. Kwa kipimo cha latitudo sisi wa Ziwa Mweru ni majirani wa mwambao. Ila kimbunga hakiwezi kutufikia na nguvu zake. Kikiacha maji ya moto kinaanza kufa, na ziwa letu, lililoko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari na lenye eneo la kilomita za mraba elfu tano hivi, ni dogo mno kukilisha.

Hata hivyo, kazi ya watu wanaosoma ramani za joto la bahari inatuhusu. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska, mara nyingi huvuta pepo za bonde la Kongo zielekee mashariki, na pepo hizo hupita juu ya vichwa vyetu. Msimu wa 2023/24 maji ya Pasifiki yalipata joto kupita kawaida, hali iitwayo El Niño. Mahindi yakakauka kusini na katikati ya Zambia, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa. Luapula, mkoa wetu, iliponea. Nchi moja, bahari ileile ya mbali, mafungu mawili tofauti. Aliyekuwa akifuatilia ramani aliiona dalili miezi kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Ramani yenyewe inapendeza macho: bluu, kijani, manjano, nyekundu. Anayeanza huona nyekundu akashtuka. Fundi hutulia, kwa kuwa anajua setilaiti haikugusa maji. Ilipokea tu miali ya joto inayotoka kwenye utando wa juu kabisa wa bahari, mwembamba kuliko unywele. Mchana wa jua kali na shwari, utando huo unaweza kupita kwa nyuzi kadhaa joto la maji yaliyo mita chache chini. Kwa hiyo fundi hupendelea picha za usiku, au za mchana wenye upepo. Likipita wingu jembamba, bahari huonekana ya baridi, kumbe kilichopimwa ni mgongo wa wingu.

Somo la shaka hii lilikuja kwa gharama kubwa. Mwaka 1982 mlima El Chichón wa Mexico ulilipuka na kujaza anga la juu ukungu wa salfa. Setilaiti zikaitazama Pasifiki kupitia ukungu ule, zikaripoti maji ya baridi kuliko yalivyokuwa. Chini yake El Niño kubwa ilikuwa inakua, na ilichelewa kutambuliwa. Yale majibu yaliyotoka baadaye ndiyo ninayoyapenda kuliko mengine yote katika taaluma hii. Julai 1991, mwezi mmoja tu baada ya mlipuko wa Pinatubo kule Ufilipino, setilaiti ya Ulaya ERS-1 ilirushwa ikiwa na chombo kiitwacho ATSR, kilichotokana na kazi ya maabara ya Rutherford Appleton, Uingereza. Chombo hicho kilikitazama kipande kilekile cha bahari mara mbili: kwanza kwa mshazari, na dakika mbili hivi baadaye kutoka juu moja kwa moja. Mtazamo wa mshazari hupita kwenye hewa nyingi zaidi, hivyo tofauti ya vipimo viwili inaonyesha hewa imekula joto kiasi gani, na fundi hulirudisha. Kosa la hewa limegeuzwa kuwa kipimo cha kosa lenyewe. Huu ni ufundi wa hali ya juu, na unastahili kusifiwa kama tunavyomsifu fundi jahazi.

Vipo pia vyombo vya mikrowevu vinavyopenya mawingu, kama kile kilichokuwa kwenye setilaiti ya TRMM ya Marekani na Japani, iliyorushwa 1997. Vinaona chini ya mawingu, lakini si kwa uwazi, na karibu na nchi kavu havitegemeki. Hakuna jicho moja linalotosha. Fundi huunganisha yote, akayapima kwa maboya na meli.

Kisha kuna kina. Kimbunga huhitaji maji ya nyuzi 26.5 hivi au zaidi, na joto hilo liwe limeshuka makumi ya mita, maana upepo huyakoroga maji na kuyapandisha yale ya baridi. Joto la juujuu huisha upesi. Machi 2019 dhoruba ya Idai iliingia Msumbiji, ikamwaga mafuriko hadi Malawi, ikarudi baharini, na katika maji ya moto ya Mlangobahari wa Msumbiji ikapata nguvu upya kabla ya kuipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Nyuma ya dhoruba kama hiyo ramani huonyesha mstari wa maji ya baridi, alama ya joto lililoliwa. Na joto peke yake halizai kimbunga: pepo za juu zikikinzana, bahari ya moto hubaki tulivu. Watabiri wa Réunion, wenye dhamana ya kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi, na wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania waliotoa tahadhari ya Hidaya kabla haijafika, hushika mambo haya yote kwa pamoja, usiku, saa zikienda.

Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa Mweru, na ndicho kipindi ambacho watabiri wale wana kazi nyingi. Ningependa vijana wa Nchelenge wautumie muda huo kujifunza. Picha zenye vipande vya kilomita moja hupatikana bure kwenye intaneti, na Mweru peke yake hujaza maelfu ya vipande. Kisha kiangazi kikifika, usiku ukiwa hauna wingu, washushe kipimajoto kutoka kwenye mtumbwi, kwanza juu, kisha mita tano chini, walinganishe na picha ya usiku uleule, na waandike pale vipimo na picha vinapopishana.