Urefu wa Tao: Uchambuzi wa Mrusho wa Taratibu katika Softiboli

Mchezo wa softiboli ulizaliwa mwaka 1887 ndani ya klabu ya Farragut mjini Chicago, pale George Hancock na wenziwe walipoifunga glavu ya ndondi ikawa mpira na kuipiga kwa mpini wa ufagio. Na katika njia zilizochipuka baadaye, hii ya mrusho wa taratibu, ipendwayo na watu wachezao kwa burudani baada ya kazi, ndiyo ninayokusudia kuichambua. Humu sheria imemnyima mrushaji nguvu: lazima arushe kwa mkono wa chini, mguu wake uguse bamba lake, atulie kwanza walau sekunde moja, na akizidisha kasi mwamuzi humwonya. Alichoachiwa ni tao, yaani ile njia ya mpira ipandayo kisha ikashuka, ambayo kilele chake, kwa kanuni zitumiwazo sana huko Marekani, kisiwe chini ya futi 6 wala kisizidi futi 10.

Katika futi hizo 4 ndimo ilimo elimu yote. Tuchukue masafa ya futi 50 baina ya mrushaji na mpigaji, na tukadirie, bila kuhesabu ukinzani wa hewa, kwamba mpira waachiwa kwenye kimo cha futi 3 na kumfikia mpigaji kwenye kimo kicho hicho. Ukipanda hadi futi 6 tu, utafika kabla ya sekunde moja kutimia, ukishuka kwa mwinamo wa nyuzi 13 au 14, hata gongo likizungushwa sawasawa hukutana nao kwa urahisi, kwa kuwa viwili hivyo vyakaribia kupita mstari mmoja. Ukipanda hadi futi 10, utachukua sekunde 1 na theluthi hivi, nao utashuka kwa nyuzi zinazokaribia 30. Basi mpira ulio wa polepole zaidi ndio ulio mgumu zaidi, maana mpigaji, aliyekwisha kuuhamisha uzito wa mwili wake mapema kwa pupa, hubaki akiungoja, na gongo lake huukata mwendo wa mpira badala ya kuufuata.

Ama shabaha, hapa ndipo wanafunzi wengi wapoteapo, kwani hulitazama bamba la nyumbani, lile asimamalo kando yake mpigaji, na kujaribu kuuangusha mpira juu yake, ilhali kwa kanuni hizo mpira ugusao bamba hilo hauhesabiwi kuwa wa haki. Mrusho wa haki ni ule upitao juu ya bamba, lenye upana wa inchi 17, kati ya bega la nyuma na goti la mbele la mpigaji. Nao mpira wa tao la juu ukipita hapo sawa na kiuno, hufika ardhini futi 3 hadi 5 nyuma ya bamba. Kwa hiyo ndoo iwekwe huko nyuma, na mazoezi yawe ya kuilenga ndoo hiyo. Sioni zoezi jingine la mwanzo lenye faida kubwa kuliko hili.

Mkono nao uende kama timazi la mwashi, ukirudi nyuma na kuja mbele katika mstari mmoja bila kupinda kiwiko, na mpira uachiwe mahali pale pale kila mara, mbele kidogo ya paja. Kwani ukicheleweshwa hupanda kupita kiasi, na ukiharakishwa huenda chini na kwa kasi. Vidole vikiunyanyua mpira kwa nyuma wakati wa kuuachia, mpira hubiringika kwenda mbele na kuanguka mapema kuliko mpigaji alivyotazamia. Walakini mizungusho ya namna hii si ya mwanzo. Asiyeweza kuurudia urefu mmoja hana haja nayo bado, na makocha waitangulizao huwadhulumu wanafunzi wao.

Lililobaki ni hadhari, nami nalitaja kwa msisitizo wote. Mara mpira uachiwapo, mrushaji huwa ndiye mlinzi aliye karibu zaidi mbele ya gongo, na mpira uliopigwa humrudia kwa kasi kubwa mno kuliko ile aliyourusha nayo. Ewe msomaji unayeanza, ukisharusha rudi nyuma hatua tatu nne, glavu ikiwa mbele ya kifua, wala usisimame uwanjani bila kinga ya uso.