Sikio na Jicho katika Mfano wa Mwana Mpotevu

Imekuwa desturi katika sharika nyingi kufundisha mifano ya Bwana kwa picha na filamu, na wapo wanaodai kwamba picha husimulia hadithi ileile, ila kwa wepesi zaidi. Dai hili lafaa kupimwa kwa kazi moja mahususi. Tuchukue mfano wa Mwana Mpotevu (Lk 15:11-32) jinsi Luka anavyousimulia, na jinsi Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alivyouchora mnamo 1668 hivi, muda mfupi kabla ya kufariki kwake mwaka 1669. Turubai hiyo, yenye kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu, imehifadhiwa katika jumba la Hermitage, St Petersburg, nchini Urusi.

Luka aliandika, lakini aliwaandikia watu ambao wengi wao wangesomewa. Ushahidi umo katika maneno ya kijana. Akiwa kwenye nguruwe anatunga ungamo lenye sehemu tatu: amekosa, hastahili kuitwa mwana, afanywe kama mtumishi wa mshahara. Afikapo nyumbani analianza tena, nasi tuliokwisha kulisikia twaingoja sehemu ya tatu. Haiji. Baba amemkata kauli na kuagiza joho, pete na viatu. Neema inasikika katika sentensi isiyotamkwa. Fanani yeyote wa vijijini mwetu aijua mbinu hii ya kurudia ili kuvunja mazoea. (Baadhi ya nakala za kale, zikiwamo Sinaiticus na Vaticanus, zimeikamilisha sentensi hiyo; yaelekea mnakili aliutazama mstari wa 19 badala ya kuisikiliza hadithi.) Hakuna rangi iwezayo kuonyesha maneno yaliyokatizwa.

Picha imepoteza pia mbio za baba. Katika Luka mzee mwenye mali anakimbia mbele ya watu, jambo ambalo wazee wa heshima, huko na hapa kwetu, hawalifanyi. Kwa Rembrandt amesimama kimya, ameinama, macho yake karibu hayaoni.

Hata hivyo, mchoraji amepata asichokipata msimulizi. Kijana ametupa mgongo. Kiatu kimoja kimemvuka, unyayo umechakaa, kichwa kimenyolewa kama cha mfungwa. Fanani akitaja hayo yote kwa kirefu, hadhira itasinzia. Jicho huyapokea kwa pamoja na kukaa nayo litakavyo.

Kisha yuko yule mtu aliyesimama kuume, mwenye fimbo, amefumbata mikono. Wafasiri wengi humtambua kuwa kaka mkubwa. Ikiwa ndiye, basi mchoraji ameuvunja mpangilio, maana katika Luka kaka yuko shambani hata ngoma zinapoanza. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa, sikubaliani nao. Msimulizi anaiacha hadithi bila jibu la kaka, nalo jibu linawaangukia Mafarisayo walionung'unika (15:2). Mchoraji hana neno “baadaye”. Swali lile ameliweka katika nafasi iliyo wazi kati ya mtu huyo na mikono ya baba, na mtazamaji analazimika kuivuka kwa macho.

Kwa hiyo, anayedai kwamba hizi ni hadithi moja yenye vyombo viwili hajasikiliza wala hajatazama vya kutosha. Kwa mwinjilisti, lililo zito zaidi ni utaratibu. Picha ikitangulia, uso wa baba umekwisha kutolewa, na msikilizaji hana tena haja ya kumtafuta baba huyo miongoni mwa wazee anaowajua. Wakristo wa Mafa, kaskazini mwa Kameruni, walifuata njia nyingine katika miaka ya 1970. Masomo ya Injili waliyasikia kwanza, wakayaigiza wenyewe kijijini, wakapigwa picha. Na kutokana na picha hizo ndipo michoro ya rangi ilipotengenezwa. Hapo jicho lilingoja zamu yake.